Hoho za baridi: pasha udongo kabla hujapokea oda

Wauza miche wa Tunduma, Vwawa na Mlowo, hii ni yenu. Juni na Julai huku kwetu usiku unajua wenyewe. Mbegu ya hoho inataka udongo wa nyuzi 25 hadi 30, hapo inachomoza ndani ya siku 7 hadi 10. Chini ya 15 inakaa tu, mwisho inaoza. Na mteja kashatuma advansi, kila asubuhi "vipi miche?"

Trei iweke ndani, juu ya kreti. Sakafuni usiweke, simenti inanyonya joto lote. Funika nailoni. Jioni jaza maji ya moto (yasiwe yanachemka, dumu litajikunja) kwenye dumu la lita 5, lisukume ndani ya kreti chini ya trei, kisha funika vyote na blanketi. Asubuhi toa blanketi, trei iende dirishani kwenye jua. Mwagilia maji ya uvuguvugu, kidogo.

Jiko la mkaa chumbani usiku, hapana kabisa. Ile hewa inaua watu, miche itabaki bila mwenyewe.

Zikichomoza tu, nailoni itoke siku hiyo hiyo. Ukichelewa, unyevu unaleta kinyausi na trei nzima inalala. Tarehe ya kukabidhi mpe mteja baada ya kuona zimechomoza.