Sahani Imejaa Ndizi: Somo la Wanga kwa Watu wa Karagwe na Kyerwa

Katika ukurasa wa afya wa mwaka huu tumeona tuzungumzie kitu ambacho kila mmoja wetu alikila jana na atakila leo, nacho ni wanga. Wataalamu hukiita pia kabohaidreti.

Tumekichagua kwa sababu hii. Kwetu Karagwe na Kyerwa mgomba uko nyuma ya nyumba. Kuanzia Kayanga hadi Omurushaka, na kutoka Nkwenda hadi Murongo mpakani, mtu husafiri mchana kutwa akipita katikati ya mashamba ya ndizi, na malori hupakia mikungu kwenda kulisha miji ya mbali. Lakini utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu wa Kagera watoto wapatao 34 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Kwa nchi nzima walikuwa 30 katika kila 100. Basi tujiulize: inakuwaje mkoa unaolisha wengine udumaze watoto wake? Sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya sufuria zetu wenyewe, ingawa maradhi ya kuhara, malaria na maji machafu nayo yana mchango wake.

Kwanza tujue wanga ni nini. Jani la mgomba hupokea hewa ya kaboni dioksaidi, mzizi huleta maji, na kwa nguvu ya jua mmea hutengeneza sukari nyepesi iitwayo glukosi. Glukosi nyingi zikifungwa pamoja mithili ya shanga katika uzi, tunapata wanga. Ndiyo maana ndizi mbichi haina utamu, na ikiiva huwa tamu: ule uzi umekatika na shanga zimetawanyika. Mnaosoma sekondari mnaweza kulihakikisha jambo hili kwa tone la ayodini. Litieni juu ya kipande cha ndizi mbichi, nacho kitageuka buluu inayokaribia nyeusi. Litieni juu ya ndizi iliyoiva sana, na rangi hiyo itaonekana kidogo tu. Asiye na ayodini atafune kipande cha ndizi iliyochemshwa bila chumvi, polepole, asimeze upesi. Baada ya muda ataonja utamu kwa mbali, kwa kuwa mate yana kimeng'enya kinachoanza kuukata ule uzi palepale mdomoni.

(Juisi ya ndizi mbivu ikiachwa ichachuke, hamira huigeuza ile sukari kuwa kileo. Hukumu yake mmeshafundishwa darasani, kwa hiyo hatutaongeza neno.)

Chakula kikishasagwa tumboni na kwenye utumbo mwembamba, glukosi huingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, nayo ndiyo inayofungua njia ili sukari iingie katika seli za misuli na sehemu nyinginezo. Gramu moja ya wanga hutupa kilokalori 4 za nguvu. Ubongo ndio mlaji mkubwa kupita umbo lake: wa mtu mzima hutumia gramu zipatazo 120 za glukosi kwa siku, awe anahifadhi au amelala. Kinachobaki hakitupwi. Ini huweka akiba ya gramu 100 hivi, misuli huweka yake kwa kazi zake, na kinachozidi hapo hugeuzwa mafuta.

Ile akiba ya ini ndiyo tunayoitegemea mwezi wa Ramadhani. Sisi tunaokaa karibu na mstari wa Ikweta saumu yetu ni takriban saa kumi na tatu na nusu kila mwaka, haitupunji wala haituzidishii. Katika saa za mwanzo tunatumia chakula cha daku, kisha ini linatoa akiba yake, na kadiri jioni inavyokaribia mwili unachoma mafuta zaidi. Mwenye kufuturu kwa tende hupata sukari inayoingia katika damu kwa haraka. Kwa daku ni kinyume chake, tunataka kinachokwenda taratibu. Ndizi na maharage, au uji wa nafaka isiyokobolewa wenye maziwa, hukaa na mtu muda mrefu kuliko chai yenye sukari nyingi na maandazi mawili. Asiyeamka kula daku kisha akasinzia saa nane mchana asiisingizie saumu.

Na si Ramadhani peke yake. Wapo miongoni mwetu wanaotoka nyumbani asubuhi bila kitu, wanashinda shuleni, kisha wanakuja madrasa jioni. Mwalimu akisema mtoto fulani ni mzito wa kuhifadhi, tungependa kwanza aulizwe amekula nini tangu asubuhi. Kiazi kimoja kilichochemshwa jana usiku na kikombe cha maziwa ni kifungua kinywa cha kutosha kumfikisha mtu mchana.

Kwa hiyo wanga si adui. Siku hizi mijini kuna watu wanaokimbia ugali na ndizi kana kwamba ni sumu. Sisi tunaolima kwa jembe hatuna haja ya kuwafuata. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu wanga, nao haukusema watu waache. Ulisema wanga utoke hasa katika nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda na jamii ya kunde, na kwamba kuanzia umri wa miaka kumi mtu apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Sukari ya kuongeza ndiyo wanayoipigia kelele: isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazokula, ambayo kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 ni gramu 50. Soda ya kawaida ya nusu lita inaweza kuzimaliza zote kwa mara moja, na mnywaji bado hajapata chai yake.

Kuhusu kukoboa, kuna kisa cha kweli ambacho kila anayependa unga mweupe angepaswa kukijua. Katika miaka ya 1890 daktari wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa Java, Indonesia ya leo, akichunguza ugonjwa wa beriberi unaolegeza miguu na kudhoofisha moyo. Aliona kuku wa maabara yake wameanza kupepesuka kama wagonjwa. Alipofuatilia akakuta wamekuwa wakilishwa wali mweupe uliotoka jikoni hospitalini. Walipopewa mchele usiokobolewa walipona. Baadaye ikajulikana kwamba katika lile ganda la nje mna vitamini B1, ambayo mwili hauwezi kuutumia wanga vizuri bila hiyo. Mwaka 1929 Eijkman alipata nishani ya Nobel. Hesabu ya sembe na dona ni hiyohiyo: pumba na kiini tunawapa kuku na nguruwe wa watu, sisi tunabaki na weupe.

Sasa turudi kwenye mgomba, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Ndizi ya kupika, iwe nshakala au nyingineyo, ikishachemshwa zaidi ya theluthi mbili yake ni maji. Gramu 100 zinatoa kilokalori 100 hivi, na protini kama gramu 1 tu. Mafuta karibu hakuna. Uzito huohuo wa maharage yaliyopikwa una protini gramu 8 au 9. Mtu mzima anayelima halihisi tatizo hili sana, kwani tumbo lake ni kubwa. Atakula sinia zima na maharage juu yake. Mtoto wa miaka miwili anahitaji kilokalori zipatazo 1,000 kwa siku. Akipewa ndizi tupu itambidi ale kilo nzima. Nani amewahi kumwona mtoto wa miaka miwili akimaliza kilo nzima ya ndizi? Atakula vipande vitatu vinne, tumbo litajaa, atacheka, atalala. Mama ataridhika kwamba ameshiba, na kwa hakika ameshiba. Ila mifupa na misuli yake haikupata cha kujengea, na jambo hili likirudiwa siku baada ya siku tangu anapoanza kulishwa, ufupi unaingia bila mtu kuugua kitandani. Mtoto haonekani mgonjwa. Anaonekana mdogo, basi, na watu husema ukoo wao ni wafupi.

Hali ikizidi huja kwashakoo. Neno hilo tumelipata kutoka Afrika Magharibi. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alikuwa akifanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, akaona watoto waliovimba miguu, nywele zimepauka na ngozi inabanduka. Wengi walikuwa wameachishwa ziwa kwa sababu mama amepata mwingine, wakawa wanalishwa uji wa mahindi mtupu. Mwaka 1935 aliandika kuhusu ugonjwa huo kwa jina walilolitumia Waga wenyewe, kwashiorkor, lenye maana ya ugonjwa wa mtoto anayepata mdogo wake. Wataalamu wa leo wanasema sababu zake ni zaidi ya upungufu wa protini peke yake, lakini wale akina mama wa Kiga walikuwa wameshaona kiini chake kabla ya daktari yeyote: mtoto ameondolewa kwenye maziwa, akaachiwa wanga.

Linalotuuma ni kwamba protini tunayo. Karagwe na Kyerwa zinavuna maharage ya kuuza. Tuna karanga. Tuna ng'ombe wa pembe ndefu na maziwa yao. Kuku hutaga uani, senene huja na mvua, na maparachichi huanguka yakaoza chini ya miti. Lakini nyumba nyingi gunia la maharage likishafungwa huenda mnadani, mayai huenda dukani, maziwa huenda hotelini, na fedha zinazorudi hununua sukari, mafuta ya taa na maandazi. Hatuwalaumu wazazi, ada za shule hazilipwi kwa parachichi. Tunachosema ni kwamba debe moja la maharage libaki ndani kwa ajili ya walio chini ya miaka mitano, lihesabiwe kama mbegu inavyohesabiwa, kwamba haiuzwi.

Mwaka 2006 mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria ulithibitishwa mkoani Kagera, baada ya kuwa umeonekana Uganda mwaka 2001. Mashamba mengi yalikauka, na watu wakageukia mihogo, viazi vitamu na mahindi. Wakulima wamejifunza mengi tangu hapo: kuvunja ua la mgomba kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata kwa kisu, na kupitisha panga motoni kabla ya kuhamia shina jingine. Lakini upande wa lishe somo hili halisemwi sana. Muhogo una wanga mwingi kuliko ndizi, na protini yake ni ndogo vilevile. Anayebadilisha ndizi kwa muhogo amebadilisha wanga kwa wanga. Bora kidogo ni viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, kwa sababu vina asili ya vitamini A inayolinda macho. Na makande ni bora zaidi, kwani protini ya mahindi na ya maharage hukamilishana: kinachopungua katika moja kimo katika nyingine.

Mpangilio wa vyakula tunaofundishwa hapa nchini umeweka ndizi za kupika kundi moja na nafaka na mizizi, na ndizi mbivu kundi la matunda. Kwa hiyo mwenye kula ndizi, muhogo na ugali kwa siku moja asidhani amekula aina tatu. Amekula kundi moja mara tatu.

Kwa wale wenye wadogo zao nyumbani, ambao hutumwa na mama kuwalisha, tufanye hivi. Mtoto aliyeanza kula apondewe ndizi pamoja na maharage yaliyoiva sana, iongezwe samli kijiko kimoja au parachichi robo, na mchicha au majani ya maboga yaliyokatwa laini. Mafuta yana kilokalori 9 kwa gramu, kwa hiyo bakuli dogo linabeba nguvu ya bakuli kubwa bila kumjaza tumbo. Siku isiyo na maharage, atiwe karanga zilizotwangwa au maziwa. Apewe mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo, na maziwa ya mama yaendelee mpaka miaka miwili. Chai asipewe pamoja na chakula, maana huzuia madini ya chuma ya maharage yasiingie mwilini. Na zile karanga zitwangwe mpaka ziwe laini kabisa, kwa sababu punje nzima humpalia mtoto.