Ng'ombe Akikojoa Damu Baada ya Kuzaa: Huenda ni Usaha kwenye Figo

Ng'ombe wako amezaa, wiki chache zimepita, na leo mkojo wake una damu. Wafugaji wengi hukimbilia dawa ya ugonjwa wa kukojoa damu unaoletwa na kupe. Kama shida iko kwenye figo, dawa hiyo haitamsaidia, na siku zinazopotea ndizo zinazommaliza.

Ugonjwa wa figo huletwa na bakteria. Baadhi yao hukaa ukeni hata kwa ng'ombe asiye na dalili yoyote. Akipata uzazi mgumu, kondo la nyuma likibaki ndani, au likivutwa kwa mkono mchafu, bakteria hupanda hadi kwenye kibofu, kisha kwenye figo. Huko hufanya usaha na majipu. Ukiwahi kuchinja ng'ombe wa namna hii, umeona figo imevimba, na ukiipasua usaha unatoka. Majike huugua zaidi kuliko madume.

Mwangalie anapokojoa. Hukojoa mara kwa mara, kidogo kidogo, mgongo ameukunja na mkia ameuinua. Mwingine hupiga tumbo kwa mguu. Maziwa hupungua, naye hukonda. Damu huja na kupotea, kwa hiyo isipoonekana siku mbili usidhani amepona.

Sasa tafuta chupa safi inayopitisha mwanga. Msugue taratibu chini ya uke, mara nyingi atakojoa. Kinga mkojo, uache chupa imetulia saa chache. Mkojo wa ugonjwa wa figo mara nyingi huwa na mabonge ya damu au usaha, na damu hushuka chini ya chupa. Mkojo wa ugonjwa wa kupe hubaki na rangi moja, nyekundu au kama kahawa, juu mpaka chini. Ng'ombe huyo huwa na homa kali, na baadaye fizi zake hupauka. Chupa haimalizi maswali yote, lakini mpelekee afisa mifugo siku hiyo hiyo. Itamwongoza.

Tiba ya kawaida ni penisilini, kila siku, mara nyingi kwa wiki mbili hadi tatu. Hapa ndipo wengi hukosea: mkojo ukisafika siku ya nne wanaacha, na ugonjwa unarudi. Ni gharama, ndiyo, ila dozi nusu ni hasara zaidi. Figo zote mbili zikishaharibika, dawa haina kazi tena.

Mgonjwa mtenge, maana mkojo wake unaambukiza wengine. Maziwa yake msinywe wala msiuze mpaka siku alizotaja afisa mifugo ziishe, na nyama vivyo hivyo. Anayezaa apate mahali pakavu. Kondo lisilotoka usilivute; mwite mtaalamu, na usilishike bila glavu, kwani linaweza kuwa na ugonjwa wa kutupa mimba, ambao huambukiza watu pia.