SOMO LA AFYA: GANDA NDILO MLINZI WA CHUNGWA



Pengine umenunua machungwa au malimau sokoni Kamembe, au kwa akina mama wanaovuka mpaka wa Rusizi I. Baada ya siku chache unakuta moja limeota ukungu wa kijani. Pesa imepotea, na watoto wamekosa vitamini C. Mtu akiikosa vitamini hiyo kwa miezi hupata kiseyeye: fizi huvimba na kutoa damu, miguu huuma. Miaka ya 1980 ugonjwa huo ulizuka katika kambi za wakimbizi Somalia, Ethiopia na Sudan, ambako mboga na matunda vilikuwa haba.

Je, tunda hujilindaje?

1. Ganda zima. Ukungu wa kijani hauwezi kupenya ganda lisilo na jeraha. Huingia palipochubuka kwa ukucha, mwiba au kuanguka.

2. Mafuta. Ukikunja ganda, mafuta huruka na kuwasha macho. Katika limau yamo yenye sitrali, ambayo huzuia ukungu kukua. Limau likikaa sana, sitrali hupungua.

3. Kufunga jeraha. Ganda likichubuka, sehemu hai za pembeni hujenga ukuta mgumu wa lignini, kitu kilekile kinachoufanya mti uwe mgumu. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na mara nyingi ukungu huwahi kuingia.

Basi fanya hivi:

- Usiyatupe wala kuyamwaga matunda, yaweke polepole.
- Using'oe kikonyo. Ukiking'oa, unaacha jeraha.
- Yaweke kivulini, kwenye kikapu kinachopitisha hewa. Usiyafunge ndani ya mfuko wa plastiki.
- Yakague kila siku. Lililochubuka lakini bado ni gumu, lile leo.
- Lenye sehemu laini yenye maji, au unga wa kijani au wa buluu, litoe taratibu bila kulitikisa, ulitupe shimoni. Usikate sehemu mbovu ukala iliyobaki, maana ukungu huwa umeshaingia ndani.
- Osha kikapu kwa sabuni, kikauke juani.
- Osha tunda wakati wa kulila, si kabla ya kulihifadhi.

Kumbuka: tunda lina kinga yake. Kazi yako ni kutolijeruhi. Mweleze na jirani yako.