Anyooshapo Kidole, Mjibu

Mtoto akishatimiza mwaka, majirani huanza kuuliza: ameshatembea? Anasema? Mzazi ambaye wa kwake bado hukaa roho juu, mara nyingi bila sababu. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema katika nchi tano, zikiwemo Ghana na Oman. Wapo waliotembea wenyewe wakiwa na miezi 8, na wapo waliosubiri mpaka kukaribia miezi 18. Wachache hawakutambaa kabisa, na bado walitembea.

Kwenye usemi, usihesabu maneno tu. Tazama kidole. Karibu na mwaka mmoja, mtoto aliyebebwa mlangoni humnyooshea kidole kuku aliye uani, akasema "ku!", kisha akakugeukia usoni. Hapo amekuuliza. Mjibu: "Ehee, kuku. Kuku anakula mtama." Majibu ya namna hiyo, wakati wa kumwogesha au kuchambua mchicha, humjenga kuliko televisheni, ambayo shirika hilo halishauri aonyeshwe mtoto wa chini ya miaka miwili.

Kwa kawaida, kufikia miezi 18 watoto wengi hujaribu maneno matatu au zaidi, ukiacha "mama" na "baba". "Maki" akimaanisha samaki ni neno, lihesabu. Bibi akimsemesha Kisukuma nanyi Kiswahili, hesabuni maneno ya lugha zote mbili. Kukua na lugha mbili hakumchelewesha. Akifika miaka miwili huunganisha: "mama maji", "taka uji". Usimkatize kwa "sema vizuri!" Ile "na" ya "nataka" itakuja yenyewe. Mwambie tu, "Unataka uji? Haya, uji huu hapa," naye atasikia inavyosemwa.

Mpeleke kituo cha afya akifika mwaka mmoja habwabwaji wala haonyeshi kitu kwa mkono. Miezi 16 hana hata neno moja. Miezi 18 hajatembea. Au miaka miwili haunganishi maneno mawili. Akipoteza maneno aliyokuwa nayo, mpeleke mara moja, umri wowote.

Nyumbani utaambiwa, "Mwache, hata baba yake alichelewa." Huenda ni kweli, lakini usikae kusubiri kwa sababu hiyo. Tanzania na Kenya, mtoto hurudi kliniki kwa chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Siku hiyo usiishie kwenye mizani. Mweleze muuguzi mtoto anasema nini na anaelewa nini, hata kama hajakuuliza.

Usikubali akatwe kimeo ili aseme. Kimeo hakizuii maneno, na kukikata kumesababisha watoto kuvuja damu na kupata maambukizi. Omba kwanza apimwe masikio, hasa kama hageuki ukimwita kwa nyuma, au sikio lake limewahi kutoka usaha. Asiyesikia vizuri hana pa kuyapatia maneno, na tatizo la masikio likigunduliwa mapema, msaada upo.