Dondoo muhimu: Kupanda kuba la Mtakatifu Petro, Vatikani

Kuba hili alilolibuni Michelangelo, likakamilika mwaka 1590, huvuta umati mkubwa. Jipange hivi:

• Wahi asubuhi. Fika kabla milango haijafunguliwa. Foleni ya ukaguzi wa usalama hurefuka haraka jua likishapanda.

• Chagua siku. Epuka Jumatano asubuhi, Papa anapokutana na mahujaji, na Jumapili karibu na adhuhuri, wakati wa sala ya Malaika wa Bwana.

• Pima nguvu zako. Ngazi ni 551. Lifti hukufikisha kwenye paa la basilika tu. Hapo zinabaki 320. Kadiri unavyopanda njia inazidi kuwa nyembamba, kuta zinakuinamia, na mwishoni unapanda umeshika kamba. Mwenye ugonjwa wa moyo au hofu ya sehemu finyu asijaribu.

• Vaa kwa heshima. Funika mabega na magoti, vaa viatu visivyoteleza, na usibebe mzigo mkubwa.

• Usikimbilie kileleni. Simama kwenye roshani ya ndani uitazame mozaiki kwa karibu, kipande kwa kipande.

Chini yako kuna watu wanaosali. Ongea kwa sauti ya chini.