Ungio la bomba linapovuja

Bomba la karibu na nyumba likivuja, wengi hulifunga kwa kipande cha nguo au mfuko wa plastiki, basi. Maji yanapungua kumwagika, lakini hatari inabaki pale pale. Kambini maji hufunguliwa kwa saa maalum. Yakifungwa, bomba likiwa linaishiwa maji huweza kufyonza uchafu wa dimbwi kupitia tundu lile lile. Yakifunguliwa tena, uchafu huo unaingia katika dumu la kwanza. Kipindupindu, kuhara damu na homa ya matumbo huweza kupita njia hiyo, na klorini iliyotiwa tangini huenda isitoshe ikiwa uchafu umeingia njiani.

Hasara nyingine ni maji yenyewe. Kinga kikombe cha robo lita chini ya ungio. Kikijaa kwa dakika moja, kwa saa sita mnapoteza lita 90, yaani madumu manne na nusu ya lita 20.

Angalia kwanza maji yanatoka wapi. Yakidondoka mdomoni mwa koki iliyofungwa, washa imekwisha; hilo ni somo jingine. Yakitoka pale koki inapoingia kwenye bomba la chuma, ungio ndilo linalovuja.

Iombeni kamati ya maji ifunge valvu, na dimbwi likaushwe kabla ya kufungua chochote. Tumia spana mbili: moja ishike bomba, nyingine izungushe koki. Ukitumia moja, bomba zima linazunguka na ungio la chini ya ardhi nalo linaanza kuvuja.

Safisha meno ya koki kwa brashi, utepe wa zamani utoke wote. Zungusha utepe mweupe wa mafundi bomba mara sita hivi, ukiuvuta kidogo, kuelekea upande ambao koki hukazwa. Ukienda kinyume, utepe unajikunja na kutoka wakati wa kukaza. Jino la kwanza liache wazi. Wengine hutumia katani na rangi ya nyumba. Tunaomba msifanye hivyo, kwani baadhi ya rangi zina risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto.

Kaza kwa mkono, halafu kwa spana, mpaka mdomo wa koki uelekee chini. Ikipita, usiirudishe nyuma. Ifungue, uweke utepe mpya.

Valvu ifunguliwe polepole. Futa ungio kwa kitambaa kikavu, usubiri dakika kumi uone kama linalowa. Maji ya mwanzo yawe ya kufulia, na siku hiyo maji ya kunywa yachemshwe.

Ungio likiwa chini ya ardhi, au bomba lenyewe likiwa limepasuka, usichimbe. Weka jiwe kama alama, zuia watoto wasichezee dimbwi, na uiarifu kamati ya maji siku hiyo hiyo.