Jinamizi Linanikaba, Naogopa Kulala

*Shangazi, nina miaka 24, nakaa Fanja na wazazi, kazi yangu ya zamu iko Maskati. Siku hizi jinamizi linanikaba. Nazinduka, chumba nakiona, lakini kidole hakiinuki na kuna mtu kanikalia kifuani. Bibi, aliyezaliwa Pemba, anasema ni popobawa, yule shetani wa usiku. Mama anataka kunipeleka Bahla kwa mganga. Sasa nakesha na simu mpaka alfajiri. Nifanyeje?*
*Mwenye Hofu, Fanja*

Mwanangu, nakuamini. Haya yamewapata wengi, wakanyamaza wasije wakaambiwa wamechezewa.

Usingizi huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi: mwepesi, mzito, kisha wa ndoto. Ukiota, ubongo hulegeza misuli ya mwili ili usije ukaruka kitandani kumkimbia unayemuota. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijaachiwa. Macho yanaona dari, na ndoto bado haijakatika. Huyo aliyekukalia ametoka humo. Kifua huhisi kubanwa kwa kuwa misuli ya mbavu nayo imelegea, ila ule msuli mkubwa chini ya mapafu unaendelea na kazi, kwa hiyo pumzi haikatiki. Baada ya sekunde chache, au dakika moja mbili, hupita lenyewe.

Ya Bibi nayajua. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja, watu wakalala nje kwa makundi, wamekoka moto. Wengi waliosimulia walitaja huko huko kulemewa kifuani na sauti kugoma. Hofu ile iliwanyima usingizi, na kukosa usingizi ndiko hasa kunakoita jinamizi. Nawe unafanya vivyo hivyo na hiyo simu yako.

Basi simu ilale sebuleni. Ukitoka zamu ya usiku, funga pazia zito, walio nyumbani wakuache ulale kwa saa 7 au zaidi. Kahawa iache mapema. Saa 5 baada ya kunywa, karibu nusu ya nguvu yake bado imo mwilini. Lalia ubavu wa kulia kama tulivyofundishwa, maana jinamizi huwapata zaidi wanaolala chali. Soma Ayatul Kursi, ufumbe macho. Likikushika usipambane nalo: vuta pumzi taratibu, jaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu.

Mama nampa salamu, na namwomba safari ya Bahla aiache. Lakini ikiwa mchana usingizi unakuangusha ghafla, magoti yanalegea ukicheka, au wenzako wanakusikia unakoroma kisha pumzi inakatika, nenda kwa daktari. Hayo ni maradhi, na yana matibabu.

Na siku utakayotoka kazini macho mazito, usishike usukani kurudi Fanja. Lala kwanza huko huko Maskati, au mpigie mtu wa nyumbani aje akuchukue.